Maswali ya Wasomaji: Beki Aliyegeuka Mwalimu wa Mabeki

Safu ya mwezi huu tumeiachia hoki ya barafuni, mchezo ambao wasomaji wetu walioko Kanada na Ulaya wamekuwa wakituandikia habari zake kwa muda mrefu. Barua tatu zifuatazo zimetoka miji iliyo mbalimbali, lakini zote zinamhusu beki na namna anavyovuka kutoka uwanjani kwenda kwenye ukocha.

Swali: Msaidizi anawezaje kusifiwa kuliko kocha mkuu?

*Mhariri, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, na sasa ninaishi Montreal pamoja na familia yangu. Kazini nina mzee mmoja, Mfaransa wa hapa Quebec, ambaye kila tukianza kuzungumzia hoki humsifu beki wa zamani aitwaye Jacques Laperrière, kisha huongeza kwamba ukocha wake haukupungukiwa na kitu mbele ya uchezaji wake. Nimelitafuta jina hilo katika orodha ya makocha wakuu wa Montreal Canadiens, sikuliona. Je, alikuwa kocha kweli? Na kama alikuwa msaidizi tu, sifa zote hizo ni za nini?*
Msomaji, Montreal

Jibu: Ndugu msomaji, mzee wako amesema kweli, na orodha uliyoisoma nayo haikukosea. Laperrière hakuwahi kuwa kocha mkuu wa kudumu katika NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika ya Kaskazini, hata msimu mmoja. Alikuwa kocha msaidizi, na kazi hiyo aliifanya Montreal kuanzia mwaka 1981 hadi 1997, kisha akaiendeleza katika timu nyingine. Ili uone kwa nini anasifiwa hivyo, inafaa tuanze na mchezaji mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 22 Novemba 1941 huko Rouyn, mji wa migodi ya shaba kaskazini magharibi mwa Quebec. Kwa lugha na malezi ni Mfaransa wa Quebec, na kwa uraia ni Mkanada. Alipitia timu ya Hull-Ottawa iliyokuwa ikiwaandaa vijana kwa ajili ya Canadiens, na msimu wa 1963–64, ambao ndio uliokuwa wake wa kwanza kamili katika ligi kuu, akapewa tuzo ya Calder anayopewa mchezaji mpya aliye bora kuliko wenzake. Mwaka 1966 alitwaa tuzo ya Norris, ya beki bora wa ligi nzima. Kombe la Stanley, ambalo ndilo ubingwa wa NHL, alilinyanyua mara 6 akiwa mchezaji: 1965, 1966, 1968, 1969, 1971 na 1973.

Hayo aliyapata akiwa na jezi namba 2, ambayo kabla yake ilivaliwa na Doug Harvey, beki aliyeshinda tuzo ya Norris mara 7. Kijana wa miaka 22 kuvaa jezi ya mtu kama huyo mbele ya mashabiki wa Montreal ni mzigo, na Laperrière aliubeba kwa kucheza mchezo wake mwenyewe badala ya kumuiga mtangulizi wake. Alikuwa na urefu wa sentimita 188, kimo kikubwa kwa zama zile, na mikono yake mirefu ilimwezesha kulifikisha gongo mahali ambapo mshambuliaji alidhani pana njia. Katika mechi 691 alifunga mabao 40 tu na kutoa pasi 242 za mabao. Mtu asiyeujua mchezo huu atazitazama takwimu hizo na kumpita.

Kwa hiyo nakuomba utazame takwimu nyingine, ile ya jumlisha na toa. Timu yako ikifunga wakati upo uwanjani, unaongezewa 1, na ukifungwa unapunguziwa 1, isipokuwa mabao yanayofungwa na timu iliyo na wachezaji zaidi kwa sababu mpinzani ana mtu aliyeadhibiwa, ambayo hayahesabiwi. Msimu wa 1972–73, akiwa na miaka 31, Laperrière aliongoza ligi nzima kwa +78. Maana yake ni kwamba alipokuwa juu ya barafu mambo mema yaliifikia timu yake na mabaya yakawa machache, hata pale ambapo jina lake halikuandikwa popote katika orodha ya wafungaji. Nikiulizwa ni wapi ukocha wake ulipoanza kuonekana, nitaonyesha namba hiyo, kwa kuwa aliipata mtu aliyekuwa akiwapanga wenzake huku akicheza.

Januari 1974 aliumia goti vibaya katika mechi dhidi ya Boston, na hakurudi tena uwanjani. Baada ya hapo aliwafundisha vijana wa Montreal, na mwaka 1981 akaingia katika benchi la Canadiens kama msaidizi anayeshughulika na mabeki. Zingatia jambo hili: katika miaka 16 iliyofuata walipita makocha wakuu 6, nao ni Bob Berry, Jacques Lemaire, Jean Perron, Pat Burns, Jacques Demers na Mario Tremblay. Kocha mkuu mpya kwa desturi huja na watu wake na kuwaondoa aliowakuta. Waliokuja baada ya Berry kila mmoja alimkuta Laperrière, na kila mmoja akaendelea kufanya naye kazi.

Kazi yenyewe ni ipi? Katika hoki ya barafuni timu huwa na wachezaji 5 na kipa, na kati ya hao 5 wawili ni mabeki. Kasi ni kubwa kiasi kwamba mtu hukaa uwanjani chini ya dakika moja, kisha hutoka na mwingine kuingia huku mchezo ukiendelea. Timu huvalisha mabeki 6 kwa kawaida, yaani jozi 3, na kocha wa mabeki ndiye anayeamua jozi ipi iingie, lini, na dhidi ya washambuliaji gani. Husimama nyuma yao, huwagusa bega na kutaja majina, na mara beki anapoketi huku akihema, huinama na kumweleza kwa maneno machache alikosea wapi katika zile sekunde 40 zilizopita. Maelezo hayo yakichelewa hata kidogo hayana faida, kwa sababu zamu inayofuata imeshafika. Anayeweza kuyatoa vizuri ni mtu aliyewahi kukaa pale alipokaa huyo anayehema, na Laperrière alikuwa amekaa pale kwa miaka zaidi ya 10.

Sasa tazama tarehe 3 Juni 1993, mechi ya pili ya fainali dhidi ya Los Angeles Kings. Montreal walikuwa nyumbani, wameshapoteza mechi ya kwanza kwa mabao 4–1, na katika mechi hii walikuwa nyuma kwa 2–1 huku zikibaki chini ya dakika 2. Kocha mkuu Demers akaomba waamuzi walipime gongo la Marty McSorley, ambalo lilikutwa limepinda kupita kiwango kilichoruhusiwa, naye McSorley akatolewa kwa adhabu ya dakika 2. Demers akamtoa pia kipa wake, Patrick Roy, ili aongeze mshambuliaji, na hivyo wakawa watu 6 dhidi ya 4. Ilipobaki dakika 1 na sekunde 13, bao la kusawazisha likafungwa, na aliyelifunga alikuwa beki, Éric Desjardins. Wakaingia muda wa ziada, na sekunde 51 tu zilipopita, Desjardins akafunga tena na mechi ikaisha. Bao la kwanza la Montreal usiku ule alikuwa amelifunga yeye vilevile, akawa beki wa kwanza kufunga mabao 3 katika mechi moja ya fainali ya Kombe la Stanley.

Desjardins naye alizaliwa Rouyn, na tangu alipoingia ligi kuu mwaka 1988 mwalimu wake katika benchi alikuwa huyo Laperrière. Watu wengi wanalikumbuka gongo la McSorley, na wana haki, kwani ulikuwa uamuzi wa kijasiri. Hata hivyo uamuzi ule usingezaa kitu kama beki wa miaka 23 angekosa utulivu wa kusimama mahali sahihi na kupiga bila papara. Montreal walichukua ubingwa siku 6 baadaye. Lilikuwa kombe la pili la Laperrière akiwa kocha, baada ya lile la 1986 walilolipata dhidi ya Calgary, na kwa ujumla likawa la 8. Jumba la Mashujaa wa hoki lilikuwa limeshampokea tangu 1987 kwa ajili ya uchezaji wake.

Swali lako, ndugu msomaji, linabeba neno «tu», msaidizi tu, na hapo ndipo ninapotofautiana nawe kwa heshima. Tumezoea kudhani kwamba msaidizi ni mtu anayengojea kupandishwa cheo, na asipopandishwa basi ameshindwa. Doug Harvey niliyemtaja hapo juu alikuwa bora kuliko mabeki wote wa enzi zake. Mwaka 1961 New York Rangers walimfanya mchezaji na kocha kwa pamoja, akawafikisha hatua ya mtoano na kushinda tuzo ya Norris kwa mara ya 7 katika msimu huohuo, kisha baada ya mwaka mmoja akauacha ukocha na kurudi kuwa mchezaji wa kawaida. Kipaji kikubwa na cheo kikubwa havikumfanya akae. Laperrière alikaa katika cheo kidogo, na kwa hiyo vizazi kadhaa vya mabeki vilipita mikononi mwake.

Mmoja wao ni Larry Robinson, ambaye historia yake na Laperrière ni ya kupendeza. Mwaka 1973 walitwaa kombe wakiwa wachezaji wenza, mmoja akikaribia mwisho na mwingine ndiyo kwanza anaanza. Mwaka 1986 walilitwaa tena, safari hii mmoja akiwa kocha na mwingine beki mkongwe wa timu. Robinson aliendelea hadi kuwa kocha mkuu wa New Jersey Devils, alikopewa timu Machi 2000 zikiwa zimebaki mechi 8 za msimu wa kawaida, na Juni ya mwaka huohuo akaibuka bingwa. Nahodha wake alikuwa beki Scott Stevens, ambaye baadaye naye alikuwa kocha msaidizi wa Devils. Mwingine ni J. J. Daigneault, mzaliwa wa Montreal na beki wa kikosi cha 1993, ambaye kuanzia 2012 hadi 2018 alisimama nyuma ya benchi la Canadiens akiwafundisha mabeki, mahali palepale aliposimama mwalimu wake.

Swali: Na Ufaransa kwenyewe?

*Mhariri, ninaishi Lyon na mume wangu ni mpenzi wa hoki ya barafuni. Tunasoma sana habari za Wafaransa wa Kanada, lakini Ufaransa yenyewe ina mabeki na makocha wa kujivunia?*
Msomaji, Lyon

Jibu: Dada, Ufaransa ina haki ya kwanza katika mchezo huu upande wa utawala, kwa maana shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni lilianzishwa Paris mwaka 1908, na rais wake wa kwanza alikuwa Mfaransa, Louis Magnus. Ndiyo maana ligi kuu ya Ufaransa hadi leo inaitwa Ligue Magnus. Mchezo umeshika mizizi hasa katika miji ya milimani kama Chamonix, Grenoble, Gap na Briançon, ingawa Rouen, ulioko mbali na milima, umekuwa na timu yenye nguvu kwa miongo kadhaa.

Beki ninayemtaja kwanza ni Yohann Auvitu, aliyezaliwa 1989 huko Ivry-sur-Seine, pembezoni mwa Paris. Alikwenda Finland akiwa kijana, akakomaa katika ligi ya huko hadi msimu wa 2015–16, akiichezea HIFK ya Helsinki, akapewa tuzo ya beki bora wa ligi. Msimu uliofuata New Jersey Devils wakamchukua, kisha akaenda Edmonton Oilers. Nchi ambayo barafu yake haijawahi kukosa wachezaji ilikuwa imengoja hadi 2016 ili beki iliyemlea yenyewe acheze NHL, jambo linaloonyesha jinsi nafasi hiyo ilivyo ngumu. Mshambuliaji mwenye kipaji huonekana haraka, kwani mabao yanamsemea. Beki anahitaji kocha anayejua anachokitazama.

Kwa upande wa ukocha, timu ya taifa ya Ufaransa katika miaka ya karibuni imeongozwa na watu waliokuwa washambuliaji. Philippe Bozon, mzaliwa wa Chamonix, ndiye mchezaji wa kwanza aliyelelewa Ufaransa kucheza NHL, alipojiunga na St. Louis Blues mwaka 1992, muda mfupi baada ya Michezo ya Olimpiki ya Albertville ambako Ufaransa ilifika robo fainali. Alikabidhiwa timu ya taifa mwaka 2018. Yorick Treille, aliyemrithi baadaye, alikuwa winga. Simlaumu yeyote kati yao. Lakini utakumbuka kwamba Mei 2019, katika Mashindano ya Dunia nchini Slovakia, Ufaransa ilikuwa inaongoza 3–0 dhidi ya Uingereza katika mechi ya kuamua nani ashuke daraja, ikasawazishiwa, na ikafungwa 4–3 katika muda wa ziada. Kuulinda uongozi wa mabao 3 ni elimu ya mabeki, na ningependa kuona mabeki wa Kifaransa wanaostaafu sasa wakivutwa mapema kuingia katika mabenchi ya timu za vijana kabla ujuzi wao haujapotelea katika kazi nyingine.

Mume wako akipata nafasi, mshauri aende kwenye mechi ya Grenoble, ambako ni karibu na kwenu, akae upande unaotazamana na mabenchi, na kwa kipindi kizima cha dakika 20 aache kuwafuata wenye paki, yaani kile kisahani kinachochezewa badala ya mpira. Awatazame mabeki na kocha wao peke yao. Atakuja na maswali mengine ya kutuandikia.

Swali: Goti limeniangusha, nianzie wapi kufundisha?

*Mhariri, mimi ni msichana wa Nairobi. Nimecheza beki katika uwanja wetu wa barafu ulioko hotelini, Barabara ya Mombasa, lakini goti limeniuma na daktari amenizuia kucheza. Wenzangu wadogo wananiomba niwafundishe. Uwanja wetu ni mdogo kuliko wa mashindano. Nianzie wapi?*
Msomaji, Nairobi

Jibu: Pole sana kwa goti, mdogo wangu, na hongera kwa kuombwa, maana watoto hawamwombi mtu asiyewafaa. Kazi inayokungoja ina heshima, hasa sasa ambapo Kenya imekuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa tangu 2024 na itahitaji makocha wake yenyewe.

Anza na kuteleza kinyumenyume. Beki hutumia sehemu kubwa ya mchezo akirudi nyuma huku uso wake ukimtazama mshambuliaji anayemjia, na mtoto asiyeweza kufanya hivyo bila kuitazama miguu yake hataweza kujifunza lolote lingine. Kisha wafundishe kugeuka kutoka nyuma kwenda mbele kwa upande wa kulia na wa kushoto pia, kwa kuwa karibu kila mtoto ana upande mmoja anaoupenda na mwingine anaouogopa, na mpinzani akishaugundua huo anaouogopa atapita hapo siku nzima.

Baada ya hapo fundisha umbali na gongo. Gongo liwe chini, mbele, limeshikwa kwa mkono mmoja wakati wa kurudi nyuma, na nafasi kati ya beki na mshambuliaji isizidi sana urefu wa gongo lenyewe wanapolikaribia eneo lake. Akiwa mbali mno, mshambuliaji anapata nafasi ya kupiga, na akiwa karibu mno anapitwa. Waambie watazame kifua cha mpinzani, wasiitazame paki, kwa sababu mikono hudanganya lakini kifua huenda kule mtu anakokwenda.

Udogo wa uwanja wenu utakusaidia katika somo moja muhimu sana, nalo ni pasi ya kwanza. Katika uwanja mdogo beki anayeifuata paki nyuma ya goli lake hana muda. Mfundishe ageuze kichwa na kutazama juu ya bega lake kabla hajaigusa paki, si baada ya kuigusa, ili anapoifikia awe ameshajua mwenzake yuko wapi. Fanya zoezi hilo kila siku ya mazoezi, ukisimama nyuma yake na kuinua vidole kadhaa, naye ataje idadi yake kwa sauti kabla ya kuichukua paki. Asipoitaja, arudie.

Siku ya mechi, simama upande wa benchi wanaoketi mabeki, karibu na mlango wanaotokea, uwapange wawili wawili mapema na uwatajie jozi inayofuata kabla waliomo uwanjani hawajachoka. Anayetoka mpe sentensi moja tu, yenye jambo moja la kurekebisha, na jambo la pili mwekee hadi mapumziko.